Kaza Vifuniko

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nililisikia la mkuu, nikalifuata neno kwa neno miezi kumi na minne, na guu likavunjika vilevile. Tena halikuvunjika langu peke yake.

Mkuu mwenyewe ni mjomba wangu, kaka wa mama, tumbo moja, ziwa moja. Alikuwa fundi wa mashine katika jengo la utafiti ninakofanya kazi. Mashine ikikohoa ghorofa ya kwanza, anaitwa yeye. Friji ikivuja ghorofa ya tatu, anaitwa yeye. Baba alipofariki nikiwa darasa la tatu, ni yeye aliyekuja na mkokoteni akabeba vitanda vyetu hadi nyumbani kwake. Na nilipomaliza diploma ya maabara, ni yeye aliyeipeleka barua yangu ya maombi mkononi mwa Profesa mwenye maabara. Watu wa maabara yetu, ghorofa ya pili, wakanipa jina siku ileile ya kwanza: Diploma. Wenyewe wana digrii mbili mbili, tatu tatu, kama watu waliovaa koti juu ya koti wakati wa joto. Sikununa. Nilifanya kazi.

Kazi yetu ilikuwa protini moja tu, ya ukoo unaoitwa AFG1. Ichukulie kama mashine ndogo: inavunja ATP, ile akiba ya nguvu ambayo kila seli huitumia, na kwa nguvu hiyo inazivuta na kuzisukuma protini nyingine. Ndani ya mwili wa binadamu inakaa kwenye mitokondria, jiko la seli, na pale inasaidia kuondoa protini zilizoharibika kabla hazijaziba njia. Ndiyo maana sisi tuliiita Mfagizi. Lakini ndugu yake yumo pia ndani ya bakteria, na huko kazi yake ukiitazama haifanani kabisa na kufagia: anasimama katikati ya mwili wa bakteria, penye pete inayobana na kubana mpaka mmoja anakuwa wawili. Si ajabu wakiwa ndugu. Mitokondria zenyewe hapo kale zilikuwa bakteria. Zikamezwa, zikakataa kusagwa, zikageuka wapangaji, na leo mwenye nyumba hawezi kuishi siku moja bila wapangaji wake.

Swali la Profesa lilikuwa fupi. Ukimwondoa Mfagizi, nini kinaharibika? Nikapewa bakteria waliofutwa jeni inayomtengeneza, niwakuze kwenye joto la nyuzi arobaini na mbili, kisha niwatazame kwa hadubini.

Bakteria wa kawaida ni wafupi kama punje za mchele. Wangu, asubuhi ile ya kwanza, walikuwa nyuzi. Warefu mara kumi, mara ishirini, wamejikunja na kupindana, wanakua na kukua bila kujua pa kujikatia. Nilitoka mbio hadi ofisini kwa Profesa, glavu zikiwa bado mkononi, jambo ambalo ni marufuku.

Profesa ni mama wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi unajibiwa saa nne. Aliinamia hadubini kimya, akasogeza kioo kushoto, akasogeza kulia.

"Diploma," akasema, "rudia mara tatu."

Nikarudia mara tatu. Nyuzi, nyuzi, nyuzi. Picha zangu zikaingia kwenye makala yake, na jina langu likawekwa la nne kati ya majina sita. Mama alizunguka na nakala ya makala hiyo kwenye mkoba wiki nzima, akiwaonyesha watu mahali jina lilipo, ingawa katika kurasa kumi na mbili hakuelewa kingine chochote.

Kisha ikaja barua. Maabara nyingine, ya mbali, ilikuwa imejaribu kazi yetu mara sita. Bakteria wao, waliandika kwa adabu sana, walikuwa wafupi.

Profesa akampa Mtarajiwa arudie. Huyu ni mwanafunzi wake wa udaktari, ana mwaka wa sita anautafuta, na watu wa jengo zima humwita Daktari Mtarajiwa, kwa ufupi Mtarajiwa. Yeye hufanya kazi chumba cha ndani, kwenye mashine mpya. Alichukua bakteria wangu walewale, kutoka friji ileile, akawakuza kwa joto lilelile. Wafupi. Akarudia. Wafupi.

Jumatatu nikaitwa ofisini.

"Kuna mambo mawili," Profesa akasema. "Ama ulichanganya vichupa, ama ulichora picha."

"Picha hazichorwi, Prof. Zinapigwa."

"Usinijibu kama tuko sokoni."

Akanisogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. *Mimi niliyetajwa hapo chini naomba radhi kwa uzembe wangu wa kuchanganya sampuli.* Nafasi ya saini ilikuwa chini, na tarehe ya Ijumaa ilikuwa imeshajazwa. Nikitia saini, makala itaondolewa kimyakimya na mimi nitahamishiwa chumba cha kuoshea chupa. Nisipotia, mambo yanakwenda kwenye kamati ya nidhamu, na mtu aliyepita kwenye ile kamati hapokelewi tena na maabara yoyote, hata ya kupima mkojo.

Nyumbani nikadhani nitapata watetezi.

"Tia saini, mwanangu," Mjomba akasema. "Radhi haichubui mdomo."

"Lakini sikuchanganya kitu, Mjomba."

"Nani kasema umechanganya?" Mama akadakia. "Tunasema utie saini. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nikibusu huu, Mama, nitabusu mpaka nizeeke."

"Basi utazeeka una kazi," akasema, na akaenda kufunga madirisha.

Jumatano nilimfuata Mtarajiwa chumba cha ndani. Nikamwomba jambo moja: tufanye wote wawili, bega kwa bega, kila mmoja amwangalie mwenzake mikono.

"Diploma, nikionekana na wewe wiki hii nitachafuka."

"Utachafuka nini zaidi? Hilo koti lako lina madoa yenye umri mkubwa kuliko mimi."

Akacheka, lakini hakuinuka mpaka nilipomkumbusha sura ya tatu ya tasnifu yake. Ilikuwa imejengwa juu ya nyuzi zangu. Nyuzi zikiwa uongo, sura ya tatu inakwenda na maji. Tena yeye mwenyewe alikuwa amekwama: miaka miwili alikuwa anakuza seli za binadamu zilizofutwa Mfagizi, anasubiri mitokondria zake zionyeshe japo dalili ya kuumwa, na zilikuwa nzima, zimenona, kama zinamcheka.

Tukaenda kwenye mashine yangu. Iko kwenye korido kwa sababu haina chumba. Kazi yake ni kutikisa vichupa usiku na mchana ili bakteria wasilale chini, na sisi tunaiita Mlevi, maana mikono yake ya kushikia vichupa ilikwisha siku nyingi. Imefungwafungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na vichupa vinasimama vimeegemea upande kama watu wanaotoka kilabuni.

Akajaza chake, nikajaza changu. Akafunga kifuniko, kisha akakilegeza nusu mzunguko. Mimi nikafunga changu mpaka kikaniachia alama kwenye kidole gumba.

"Mbona unakaza hivyo?" akauliza. "Unahifadhi petroli?"

"Nisipokaza, Mlevi atamwaga."

Alikuwa ameshageuka kuondoka. Akasimama.

"Sasa wanapumuaje?"

Mlevi aliendelea kutikisika, tak, tak, tak. Nilihisi joto likinipanda shingoni, ile aibu ya mtu aliyetembea mjini kutwa nzima na zipu wazi. Mwaka wa kwanza wa diploma tuliimbishwa: bakteria wa aina hii anataka hewa, kifuniko kilegezwe. Nilijua. Mikono yangu ndiyo iliyosahau, maana ilikuwa imefundishwa upya.

Tukapanga vichupa vinne, vyote kwenye mashine mpya ili asije mtu akamsingizia Mlevi. Wenye Mfagizi, kifuniko kimelegezwa. Wenye Mfagizi, kimekazwa. Wasio na Mfagizi, kimelegezwa. Wasio na Mfagizi, kimekazwa. Alhamisi asubuhi tukapokezana hadubini. Kichupa cha kwanza, wafupi. Cha pili, wafupi. Cha tatu, wafupi. Cha nne, nyuzi tupu, wamejaa uwanja mzima.

Hapo hata mtu wa kuuza magazeti angeelewa. Kwenye raha, Mfagizi akitoweka hakuna anayemkumbuka. Ni pale joto linapozidi na hewa inapokatika ndipo bakteria asiye naye anashindwa kugawanyika. Lile kosa langu lilikuwa limeuliza swali ambalo Profesa hakuwahi kuliuliza. Mtarajiwa akakaa chini sakafuni, na koti lake lilelile.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nazibembeleza zile seli. Nazipa hewa, nazipa chakula, nazipa kila kitu. Halafu nashangaa haziumwi."

"Zinyime hewa."

"Leo hii."

Nikakimbilia daftari langu. Mimi daftari la maabara naliandika kwa Kiswahili, na nimesemwa sana kwa hilo. Mtarajiwa aliwahi kuniuliza kwa nini siandiki kwa lugha ya sayansi, nikamwambia anionyeshe siku sayansi ilipotaja lugha yake. Majedwali ya namba Profesa aliyasoma. Maneno aliyaruka. Na kwenye ukurasa wa kumi na saba, uliokuwa umeandikwa miezi kumi na minne kabla, maneno ni haya:

*Mlevi anamwaga. Mjomba kamfunga kwa tyubu ya baiskeli, kipuri hakuna. Kasema: kaza vifuniko mpaka mwisho. Nimekaza.*

Tarehe, saa, saini yangu. Nilikuwa nimepona. Si maneno niliyoyatunga juzi kujitetea. Yalikuwepo kabla ya picha, kabla ya makala, kabla ya barua. Nilirudi koridoni nikitaka kumbusu Mlevi, na ndipo jicho likaangukia kadi yake ya matengenezo, ile inayoning'inia ubavuni kwa kamba. Sikuwahi kuisoma. Tarehe ileile, mwandiko wa Mjomba wenye herufi zilizosimama wima: *Vipuri vimebadilishwa. Mashine ni nzima.*

Wakaguzi walikuwa wanakuja wiki ile, nakumbuka. Mashine yenye hitilafu ingefungwa kwa lakiri, na kazi ya ghorofa nzima ingesimama. Alikuwa ameomba kipuri stoo mara nne, na stoo ilikuwa imenyamaza mara nne. Basi akaandika uongo wa mstari mmoja, akaninong'oneza mimi nikaze vifuniko.

Jioni nilimkuta barazani anafungua pasi iliyoungua, skrubu ndogo amezipanga juu ya gazeti kwa ukubwa wake. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuinua kichwa, na nilipofika kwenye ukurasa wa kumi na saba, bisibisi ikasimama.

"Umenitaja?"

"Nimeandika 'Mjomba'."

"Jengo zima wanajua mjomba wako ni nani." Akaweka bisibisi chini. "Miezi saba tu imebaki nistaafu, mwanangu. Chana huo ukurasa. Unatoka kama jino la mtoto."

"Kurasa zina namba, Mjomba. Nikichana wa kumi na saba, wataniuliza uko wapi, na hapo nitakuwa kweli nimeghushi."

"Basi sema ulikaza kwa mazoea yako."

"Nani ataniamini bila ukurasa? Mtu anayeshtakiwa kwa uongo, anakuja Ijumaa na hadithi mpya ya vifuniko?"

"Basi tia saini ile barua ya kwanza. Wewe bado kijana. Ukianguka, utainuka. Mimi nikianguka sasa, ni kuzikwa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Niliwaza mkokoteni na vitanda. Niliwaza pia chumba cha kuoshea chupa, na zile nyuzi zinatupwa kwenye ndoo ya dawa kama uchafu, na Mtarajiwa akibembeleza seli nzima miaka mingine miwili kwa sababu jambo la kweli limetangazwa uzembe wa Diploma.

"Nitawaambia uliomba kipuri mara nne," nikasema. "Nitawaambia stoo walikunyima."

"Utawaambia." Akaokota bisibisi. "Wataandika?"

Ijumaa Profesa hakuwa peke yake. Kulikuwa na afisa utawala, mwanamume mwenye kalamu mbili mfukoni. Ile barua ya radhi ilikuwa mezani, imewekwa sawasawa na ukingo wa meza. Nikaweka juu yake picha nne alizopiga Mtarajiwa, na juu ya picha nikaweka daftari, limefunguliwa.

Profesa alisoma kwa kidole, kama mtoto. Akarudia. Uso ukambadilika.

"Hii ilikuwepo muda wote?"

"Muda wote, Prof. Saini yako hiyo hapo chini. Ulikuwa unasaini kila mwisho wa mwezi."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaichukua ile barua ya radhi kutoka chini ya vitu vyote, akaikunja mara mbili na kuiingiza kwenye droo yake. Yeye radhi hakuniomba, na sidhani kama atakuja kuniomba.

Afisa utawala akauliza, "Mjomba ndiye nani?"

Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema sikumbuki, ningeweza kusema ni jina la utani. Nikamtaja jina lake lote na cheo chake. Kalamu ikaandika. Nikasema aliomba kipuri mara nne, fomu ziko stoo, wakazitazame. Kalamu haikuandika. Nikarudia, polepole, kama mtu anayesomea imla. Afisa alinitazama kwa upole na kusema, "Hilo ni suala lingine."

Makala haikuondolewa, imesahihishwa, na neno *vifuniko* limo, pamoja na neno *hewa*. Jina langu limepanda kutoka la nne hadi la pili. Mtarajiwa amezinyima hewa seli zake, na baadhi ya mitokondria zimeanza kuvimba na kupauka. Anatembea anaimba, halafu akiniona ananyamaza. Mjomba ameachishwa kazi kwa kuandika taarifa ya uongo kwenye kadi. Mlinzi wa getini, waliyecheza naye bao miaka kumi na tisa, ndiye aliyelazimika kumpekua begi. Mlevi amepelekwa stoo, na kutoka stoo ileile ikaja mashine mpya, ndani ya siku nne.

Jumapili iliyopita tuliitwa sebuleni kwa Mjomba. Mama alikaa karibu na mlango na mkoba magotini kama mgeni. Mkaza mjomba, yaani mke wa Mjomba, ambaye alinifunga vifungo vya sare yangu ya kwanza ya sekondari kwa mikono yake, hakusubiri salamu ziishe.

"Tulikupokea huna hata meno ya kutafunia," akasema. "Leo umeyapata, umeanza kututafuna sisi."

"Mkaza mjomba, mimi sikuandika ile kadi."

"Ulimtaja! Kwa mdomo wako! Kwa ajili ya nini, jina kupanda ngazi mbili?"

"Sema samahani, yaishe," Mama akanong'ona. "Neno moja. Utapungukiwa nini?"

Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja. Sijawahi kuiona mikono ile ikiwa haina kitu. Amekonda. Aliponitazama, nilitamani afoke.

"Sikudai kazi," akasema. "Kazi imekwenda. Nataka tu kulisikia hilo neno kutoka kwako, nikiwa nimekaa hapa. Basi."

Nilimwambia nitakaa naye kwenye kila benchi la kila ofisi mpaka zile fomu nne zitolewe stoo na zisomwe kwa sauti. Nilimwambia nimeshaandika rufaa, nimeisaini, na jina la Profesa limo, na jina la mkuu wa stoo limo. Nilimwambia tangu Ijumaa ile sijapata usingizi, na chakula hakipiti. Machozi yalikuwa yananitoka, sikuyafuta. Nilimwambia nampenda, jambo ambalo kwetu mtu hamwambii mjomba wake mbele ya watu, na mkaza mjomba akatazama pembeni.

"Sawa," akasema Mjomba. "Na neno?"

"Niliandika ulichosema, siku uliyokisema. Waliponiuliza, nikajibu. Kwa hilo siombi radhi, Mjomba. Si leo, si kesho. Siombi."